Karoti Dume

Sengerema,
3 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Dorcas anarefuka mpaka sare ya shule imekuwa kama ya kuazima, na yule paka wako mwizi bado yupo, anakula kuliko sisi wote. Majirani wanakusalimia. Wengine wanasalimia kwa sauti kubwa sana, hao nimewajua.

Baba, habari ya shamba ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Wiki ile ile uliyosomewa hukumu, mwenyekiti Kashindye alikuja nyumbani. Akaketi kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Alisema kikundi cha umwagiliaji kinakuheshimu, na kila mtu hapa ufukweni anajua zile nyavu haramu hazikuwa zako, ulimbebea mtu tu kwenye pikipiki. Lakini kanuni ni kanuni. Mwanachama asiyekuwepo, kipande chake anapewa anayesubiri. Nikamwambia, "Mimi nipo." Akacheka. Nikarudia tena, bila kucheka.

Mwisho wamekubali hivi: nilime msimu huu mmoja, na mwishoni mwa mwezi wa sita kamati itakuja kukagua. Wakikuta karoti za kueleweka, kama zile zako, shamba litakungoja mpaka utoke mwakani. Wakikuta upuuzi, anapewa Masele, yule kijana wa Usagara aliyeoa hapa juzi. Unajua mwenyewe hatuna pengine pa kulima.

Sasa usiwe na wasiwasi, maana Mungu ametufungulia njia. Lile kopo la mbegu uliloliacha nililikuta limebaki nusu, na nusu ile isingetosha matuta yote. Mama mdogo Sista Wilhelmina amerudi kutoka Italia, na kati ya rozari na sabuni za kunukia akatoa bahasha ya mbegu. Mbegu za karoti, baba, za Ulaya! Anasema kando ya ukuta wa nyumba yao ya masista kulikuwa na maua meupe mazuri, akamuuliza mtunza bustani ni nini, akaambiwa ni karoti. Akatukumbuka. Akangoja mpaka zikauke, akazichuma kwa mkono wake mwenyewe.

Nimezichanganya na zako kwenye bakuli moja na kusia shamba zima. Za sista zina vimiba vidogo vidogo, zilinata kwenye kanga yangu mpaka Dorcas akasema zimetupenda. Zako ni laini, zinateleza tu. Nadhani ndivyo zilivyo za Ulaya.

Usile chakula kilichopoa ukiweza kuchagua. Najua huwezi kuchagua, lakini nimesema.

Mwanao,
Queen


Gerezani, Mwanza,
24 Machi 2024

Binti yangu Queen,

Marahaba mama. Mimi ni mzima, kikohozi kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Nimefurahi mno kupata barua yako. Ilikaa ofisini siku kadhaa, maana hapa kila barua inasomwa kwanza kabla ya kutufikia, na msomaji ni mmoja. Kwa hiyo, afande unayesoma hii, habari za kazi.

Uliposema "mimi nipo" mbele ya Kashindye, nilimsomea mwenzangu mstari huo mara mbili. Mwenzangu huyo ni mzee Osward, Mhaya wa Bukoba kama marehemu mama yako, na alikuwa bwana shamba miaka mingi kabla mambo yake hayajaharibika. Tunalala jirani. Anajidai anajua karoti kuliko mimi. Nimemwambia yeye amezisoma, mimi nimezilima.

Mshukuru sana Mama mdogo kwa mbegu. Za Ulaya sijawahi kuzilima, lakini karoti ni karoti. Sasa sikiliza. Miche ikifika urefu wa kidole, ipunguze. Hapo ndipo wanawake wa kikundi wanaposhindwa, wanaionea huruma. Karoti zikibanana zinatoka nyembamba kama mikia ya panya. Wewe usione huruma. Ng'oa dhaifu, acha zenye nguvu. Ile iliyojitandaza na kushiba majani ndiyo ya kuibakiza, na ile iliyosimama imenyong'onyea uitoe. Baada ya hapo pandishia udongo shingoni, mwagilia jioni, halafu usizichokoechokoe. Karoti haipendi kuchunguliwa. Na ukiona mzizi mchanga ni mweupe usishtuke, karoti huanza hivyo, rangi inakuja baadaye.

Kipande kile, Queen, nilikitoa kwenye magugu kwa mikono hii. Huku ndani nikifumba macho naliona tuta moja moja. Nikijua kipo, siku zinasogea. Sitaki kukupa mzigo, ila nataka ujue.

Msalimie Dorcas. Mwambie baba yupo kazini mbali, kama tulivyokubaliana, hata kama anajua.

Baba yako,
Nkwabi


Sengerema,
28 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Unaendeleaje? Mzee Osward naye hajambo? Mpe salamu, mwambie baba yangu hashindwi na mtu kwenye karoti. Sisi ni wazima, isipokuwa Dorcas aliumwa malaria, akapona, sasa anatumia ugonjwa uliokwisha kukwepa kuosha vyombo.

Barua yako ilikuja baada ya Pasaka, nami nilifanya neno kwa neno. Nilipunguza miche yote, na sikuona huruma hata kidogo. Kulikuwa na ya aina mbili, baba, hata mtoto angeona. Mingine ilikuwa imesimama wima, kijani ya kung'aa, majani mapana kidogo, lakini michache na mitepetevu. Mingine imelala chini imejitandaza kama mkeka, majani yamechanikachanika vipande vyembamba, kijani ya kuiva, na vikonyo vina vinyweleo. Ukiishika unaona inakwaruza. Hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu. Hata nilipokosea siku moja nikasahau kumwagilia, hiyo haikutikisika.

Basi ile ya kusimama nimeing'oa karibu yote, nikampa mzee Ndalahwa alishe mbuzi wake. Nimebakiza tuta moja tu la upande wa pampu ambalo sikulifikia, mgongo ulikuwa unaniuma. Hizi zilizobaki, baba, ungeziona! Shamba limefunikwa lote. Kashindye alipita akasimama, akasema, "Hm." Unajua Kashindye akisema "Hm" ni kama mwingine amepiga vigelegele.

Lakini moyo wangu una kitu. Sijawahi kuona karoti zako zikiwa na vinyweleo namna hii. Au sikuwa naziangalia? Ulikuwa unalima wewe, mimi nilikuwa nakuja kula. Ndiyo maana nimekuwekea jani moja ndani ya bahasha hii. Lishike, linuse, uniambie.

Nilitaka nije nikuone, nikafika mpaka kwenye feri ya Kamanga, nikarudi. Sikuwa na wa kumwachia Dorcas akiwa na homa. Nisamehe.

Mwanao,
Queen


Gerezani, Mwanza,
19 Mei 2024

Queen mwanangu,

Marahaba. Natumaini Dorcas amepona kabisa na vyombo anaosha. Mimi naendelea vizuri, tumehamishiwa kazi ya kufyatua matofali, mikono imekumbuka ujana.

Jani halikufika. Bahasha ilifika imefunguliwa, barua imo, jani hamna. Nimeuliza kwa adabu, nikaambiwa majani ya aina yoyote hayaingii. Ni haki yao, maana watu huingiza majani mengine humu, sio ya karoti. Lakini kwenye karatasi kumebaki doa la kijani, na harufu. Niliiweka puani mpaka wenzangu wakanicheka. Ni karoti, mama. Ile harufu siwezi kuikosea hata nikiwa usingizini. Nilikaa nayo siku nzima kama mtu aliyepewa picha ya nyumbani.

Kwa hiyo tulia. Kama inanukia karoti, ni karoti.

Osward ndiye anayenitia wasiwasi na elimu yake. Nilipomsomea habari za kulala chini na vinyweleo alikunja uso, akauliza mbegu zilichumwa wapi hasa. Nikamwambia kando ya ukuta. Akauliza, kwenye bustani au nje ya bustani? Mimi nitajuaje? Anasema harufu si ushahidi, ndugu wa damu wananukia sawa. Anataka ung'oe moja ya kulala na moja ya kusimama, uzilaze pamoja, utazame mizizi, kisha uandike rangi, unene, na kama imenyooka au ina matawi. Mimi nimemwambia aache uchuro. Lakini fanya, ili tumnyamazishe.

Halafu niandikie upesi. Sipendi kusubiri.

Baba yako,
Nkwabi


Sengerema,
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima kabisa. Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi wa nne, sijui lile jani ulisemaje, lakini imebidi niandike tena kwa sababu nina habari.

Karoti zimechanua!

Baba, uliwahi kuona ua la karoti? Mimi sijawahi, na nimeuliza ufukwe mzima, hakuna aliyewahi. Sisi tunajua karoti inatoka kwenye kopo na kurudi kwenye sufuria. Sasa hizi zimetoa bua refu linanifika kiunoni, juu yake maua meupe madogo madogo yamejipanga kama mwavuli uliofunguliwa, na katikati ya mwavuli kuna kiua kimoja cheusi, kama tone la wino. Watu wanatoka mpaka Buzuruga, huko Mwanza, wanakuja kupiga picha. Binti mmoja amepiga picha ya harusi humo. Dorcas anawapanga mstari kama askari wa trafiki.

Sikujua kama ni heri au ni shari, basi nikamwita mzee Ndalahwa, kwa kuwa ndiye mkongwe wa bustani hapa baada yako. Alikuja na fimbo yake. "Mwangaluka, binti," akanisalimia kwa Kisukuma, akazunguka shamba, akashika bua, akatikisa kichwa.

"Hizi ni kaloti dume," akasema.

Nikamwambia sijawahi kusikia karoti ina dume.

"Papai lako hapo nyumbani lina dume au halina? Lile linalotoa maua kwenye mikia mirefu na halizai? Basi. Kaloti dume inachanua, kaloti jike inashuka chini kunenepa. Ukiyakata madume yote, majike hayatashika. Kashindye alipokata papai dume la marehemu mkewe, ulimwona mwaka ule alivyokosa mapapai? Yaache, binti."

Wote waliokuwepo wakasema ndiyo, kumbe ndivyo. Hata mimi, baba, niliona ina akili. Kweli lile tuta la upande wa pampu halijachanua hata moja, na ni yale yale ya kusimama. Basi hayo ndiyo majike! Nikajilaumu kwa kuyang'oa mengine. Lakini Ndalahwa akanifariji kwamba dume moja linatosha majike mengi, na madume mengi hayajawahi kumdhuru mtu.

Kwa hiyo sijagusa hata ua moja. Nilichokoa kidogo shingoni mwa moja, nikaona nyeupe, nikakumbuka ulivyosema rangi inakuja baadaye. Nikafukia haraka.

Kamati inakuja mwisho wa mwezi huu. Nimewaambia wote shamba la baba yangu ndilo la kwanza ziwa zima kuchanua karoti. Umenisikia? La kwanza!

Nijibu, baba. Nina furaha, halafu usiku napata woga, sijui kwa nini.

Mwanao,
Queen


Gerezani, Mwanza,
16 Juni 2024

Queen,

Salamu tutapeana siku nyingine. Barua yako nimekabidhiwa leo asubuhi. Nilimsomea Osward, nilipofika kwenye kiua cheusi katikati ya mwavuli alinipokonya karatasi.

Hizo si karoti zetu, mwanangu. Ni karoti mwitu. Zinaota zenyewe huko Ulaya kando ya barabara na kuta kama kwetu inavyoota mbigili. Mtunza bustani hakumdanganya Mama mdogo, alimwambia jina tu, naye sista akaelewa kama tunavyoelewa sisi. Harufu ni ile ile kwa sababu ni mama mmoja na za kopo. Ndiyo maana karatasi ilinidanganya.

Karoti haina dume wala jike. Ndalahwa ni mtu mwema, lakini ameilinganisha na papai. Karoti ya kopo kwa joto letu la ziwa haichanui kabisa, inataka baridi kali kwanza, ndiyo maana hakuna mtu ufukweni aliyewahi kuona ua lake. Inayochanua haraka hivyo ni ya mwitu. Ikishatoa bua, mzizi wake unageuka kuwa mti. Haitapata rangi. Hata ukiisubiri mpaka nitoke haitapata rangi.

Sasa shika haya ninayoandika, Osward anasema na mimi naandika. Ya mwitu inalala chini ikiwa changa, ya kopo inasimama. Ya mwitu jani limekatika vipande vyembamba na vinyweleo vyake vinakwaruza, ya kopo jani ni pana na laini. Ukiing'oa, ya mwitu ni nyeupe, nyembamba, ngumu, ina matawi, na harufu yake ni kali mpaka inapanda puani. Ya kopo imenyooka, ina rangi, ukiivunja inalia "pwa". Na mbegu ya mwitu ina vile vimiba, inanata kwenye nguo. Za kopo zimesuguliwa kiwandani. Uliniandikia habari ya vimiba tangu barua ya kwanza kabisa, nami nikasoma nikapita.

Fanya hivi, leo, usingoje kesho. Ng'oa kila chenye ua. Chote. Usimsikilize mtu. Lile tuta la upande wa pampu lisafishe, lipalilie, lipendezeshe, hilo ndilo uwaonyeshe kamati. Waambie ukweli kwamba mbegu ziliingiliana. Tuta moja zuri na shamba safi ni bora kuliko shamba zima la maua. Kashindye ni mgumu, ila anaheshimu shamba safi.

Na mimi ndiye niliyekuambia uache zenye nguvu. Magugu ndiyo huwa na nguvu, Queen. Nimelima maisha yangu yote na nilisahau hilo.

Nimemwendea afande wa barua nikamwomba hii itoke leo. Amesema zinafuata foleni. Nimemwambia ni karoti, akacheka. Simlaumu, hata mimi ningecheka. Nimeomba kupiga simu, zamu yangu haijafika. Osward naye ameambiwa ajiandae, wanamhamisha gereza jingine.

Ng'oa, mama. Ng'oa zote.

Baba yako


Sengerema,
7 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo kabisa.

Barua yako nimeipata, asante sana, na msalimie mzee Osward kama bado mko pamoja. Nilifanya kama ulivyosema. Kamati ilikuja, wote walifurahi. Karoti zilikuwa nzuri, nyekundu, zimenyooka. Mwenyekiti Kashindye alisema shamba litakungoja.

Kwa hiyo usiwe na mawazo. Kula vizuri na ulale. Dorcas anakusalimia, amekuwa wa tano darasani. Nitaandika tena nikipata nafasi, siku hizi nina kazi nyingi.

Mwanao,
Queen


Gerezani, Mwanza,
28 Julai 2024

Queen mwanangu,

Marahaba mama. Hongera kwa Dorcas, mwambie baba amecheka mpaka watu wakamgeukia. Mimi ni mzima wa mwili. Osward alihamishwa, mahali pake amelala kijana anayeongea usingizini.

Barua yako fupi nimeipata. Ni ya kwanza kutoka kwako ambayo haina utani hata mmoja. Lakini si hilo lililonionyesha.

Siku ile ile uliyoandika, ilikuwa Jumapili, masista walikuja kututembelea kama wanavyofanya baadhi ya Jumapili, wakaleta mboga kwa ajili ya jiko letu. Mama mdogo Wilhelmina alikuwa mbele, amefurahi, amebeba beseni mwenyewe, hataki kusaidiwa. Akaniona. Akapaza sauti mbele ya wote, "Shemeji, Queen amevuna! Nimekuta karoti zimerundikwa kando ya shamba lenu, nyingi, akaniambia nichukue zote niwaletee wafungwa. Ni zile mbegu zangu!"

Nikatazama kwenye beseni. Nyeupe, Queen. Nyembamba kama vidole vya mgonjwa, zina matawi, nyingine bado zina kipande cha bua. Hakuna mtu mwingine ziwa hili mwenye karoti zile. Na mkulima aliyepita ukaguzi hagawi mavuno yake yote.

Nikamwambia, "Asante shemeji, zimestawi." Ningesema nini? Alikuwa anang'aa kwa furaha.

Jioni zilitoka kwenye chungu. Zilichemshwa muda mrefu na bado zilikuwa mti. Wenzangu walinyonya mchuzi, wakatema, wakatukana aliyezilima. Mimi nilitafuna mpaka za kwao. Taya zinaniuma mpaka leo. Nilijisemea, mwanangu amezipalilia hizi na mgongo unamuuma, amezimwagilia jioni kama nilivyomwambia, siwezi kuzitema.

Sina hasira, mama. Nimezitafuta, sina. Kinachoniua ni kwamba nililijua jibu, nikaliandika, likakaa kwenye droo hapa hapa mbele ya macho yangu. Kila asubuhi nilikuwa napita mbele ya ofisi ile kwenda kwenye matofali.

Niandikie kweli. Shamba amepewa Masele? Mnakula nini? Mama mdogo anajua? Usinifiche tena. Kuna mengi nisiyoyaweza humu, lakini ukweli nauweza.

Baba yako,
Nkwabi


Sengerema,
1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na karatasi zimewasha moto. Sisi ni wazima wa afya.

Nilitaka upate usingizi, ndiyo maana niliandika uongo. Sikujua Mama mdogo atazipeleka kwako. Aliposema wafungwa nilidhani ni wa gereza jingine. Aliondoka na gunia kichwani anaimba, nikashindwa kumkimbilia. Yeye hajui mpaka leo. Anasema akirudi Italia ataleta nyingine. Namwitikia tu.

Barua yako ya kung'oa ilifika siku iliyofuata baada ya kamati, pamoja na ile ya mwezi wa tano. Siku ya kamati nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Nimefagia njia, nimesimama katikati ya maua. Kashindye akaniambia ning'oe moja. Niling'oa kwa mbwembwe, baba, kwa mkono mmoja, ikatoka nyeupe. Nikasema hiyo ni dume, nikang'oa nyingine. Nikasema hilo nalo ni dume. Nikaendelea kung'oa na hakuna aliyenikataza. Hatimaye Kashindye akasema taratibu, "Basi, mwanangu." Sijawahi kumsikia akiongea taratibu. Ningependa angefoka. Ndalahwa aliangalia chini, tangu siku hiyo akinipita anavua kofia, na mimi si mtu wa kuvuliwa kofia.

Lile tuta la pampu lilikuwa na karoti nzuri kweli. Nyekundu, zimenyooka. Niliwaonyesha, wakasema ni nzuri, lakini ni tuta moja. Waliniamuru niyang'oe yale madume yote kabla hayajamwaga mbegu kwenye mashamba ya watu.

Ndiyo, shamba amepewa Masele. Usimchukie, hata mimi nimejaribu nikashindwa, alikuja kunipa pole akiwa na mkewe na ndizi. Amepanda karoti za kopo. Ila mbegu za sista hazikuota zote kwa wakati mmoja, baba. Nyingine zilikuwa zimelala udongoni, zinaamka sasa katikati ya za kwake. Zikiwa changa kabisa zinafanana kwa asiyefundishwa, yeye hazitambui, mkewe hazitambui. Mimi ninazitambua. Barua yako naijua kwa moyo, ya kulala na ya kusimama, jani jembamba na jani pana. Naweza kuzitenga hata nikifumba macho, kwa kupapasa vinyweleo tu.

Kwa hiyo ameniajiri kibarua. Kila asubuhi nikishampeleka Dorcas shule naingia kwenye shamba lako kumpalilia Masele, na mchana mkewe ananipa ugali na mboga za kubeba nyumbani. Ndicho tunachokula. Anasema sijawahi kukosea hata mche mmoja. Natumia njia zile zile ulizozifanya wewe kati ya matuta, naogopa kuinua kichwa. Akisema "shamba langu" hapati shida, ni lake. Mimi ndiye ninayeshtuka kila mara.

Nakuomba kitu. Usiniandikie tena habari za karoti. Najua utataka kunieleza Kashindye aombwe vipi, au msimu ujao nifanye hivi na vile. Barua itakaa ofisini, ikifika itakuwa imeshachelewa, nami nitaisoma na kuona ambacho tungeweza kufanya. Sitaki tena kujua ambacho tungeweza kufanya.

Wewe huna la kunifanyia ukiwa huko, baba, na mimi sina la kukufanyia nikiwa huku. Niandikie hivyo hivyo.

Mwanao,
Queen